Mpaka, Daftari na Kiti: Nani Anawasemea Masisi na Walikale?

Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wajumbe wa kamati za amani za vijiji kutoka Masisi na Walikale, jimbo la Kivu Kaskazini, pamoja na wageni kutoka Kenya na Uganda. Tumeyafupisha kidogo.



Nilipoombwa kuzungumza juu ya mipaka ya maeneo ya uchaguzi, nilimweleza mama mmoja wa kamati yetu. Akaniuliza, "Mipaka gani tena? Ya mashamba hatujaimaliza." Alikuwa na haki ya kuuliza. Katika kazi yetu ya usuluhishi tunakutana kila siku na mpaka wa shamba na malisho, mpaka wa kijiji na kijiji, mpaka wa mwami huyu na mwami yule. Mipaka hiyo ina mto, ina mti, ina mzee anayekumbuka. Mpaka wa uchaguzi hauna kitu cha kuonyesha kwa kidole. Hata hivyo nitajaribu kuwaonyesha kwamba hofu nyingi za kwetu zinatoka ndani ya mpaka huo, na kwamba watu wengi wanaugombania bila kujua kuwa ndio wanaougombania.

Nitangulize jambo moja ili msije mkasema nimelificha. Mama yangu ni Mnyanga wa Walikale, na mimi niliolewa Masisi. Kwa hiyo nikipendelea upande mmoja, upande wa pili una njia ya kunifikia nyumbani.

Mstari tuliourithi

Wageni wetu kutoka Kenya wamezoea utaratibu wao. Kwao tume inakaa, inaangalia hesabu ya watu, inachora majimbo ya uchaguzi upya. Katiba yao ya mwaka 2010 iliweka majimbo 290, kila jimbo mbunge mmoja, na ikaagiza mipaka ipitiwe upya kila baada ya miaka isiyopungua 8 na isiyozidi 12. Ugomvi wao ni juu ya mstari: upite juu ya mlima au chini ya mlima, mtaa huu uwe ndani au nje.

Kwetu Congo jambo ni jingine. Sheria ya uchaguzi ya tarehe 9 Machi 2006 ilisema kwamba eneo la uchaguzi wa Bunge la Taifa ni wilaya, ile tunayoiita teritwari, na vilevile mji. Kinshasa peke yake iligawanywa katika sehemu nne. Masisi nzima ni eneo moja la uchaguzi. Walikale nzima ni eneo moja. Hakuna mtu aliyekaa na ramani mwaka 2006 akachora mstari kwa ajili ya kura. Mistari ya utawala ilichukuliwa kama ilivyokuwa, na mingi kati ya hiyo asili yake ni wakati wa Wabelgiji, ambao walipoichora hawakuwa na nia ya kumpa mtu yeyote mbunge.

Tazameni basi tofauti ya wilaya zetu mbili. Walikale ina kilomita za mraba 23,475. Masisi ina 4,734. Yaani Walikale moja ni karibu Masisi tano. Inakaribia ukubwa wa nchi nzima ya Rwanda, na inachukua kama asilimia 40 ya jimbo letu lote. Lakini bungeni Masisi ina viti vingi kuliko Walikale, kwa sababu viti havifuati msitu, vinafuata watu.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hata watu waliosoma hukosea. Nimesema viti vinafuata watu. Sikusema vinafuata wakazi. Sheria inachukua jumla ya wapigakura walioandikishwa nchini, inaigawanya kwa viti 500 vya Bunge la Taifa, na namba inayopatikana ndiyo bei ya kiti kimoja. Uchaguzi wa 2006 walikuwa wameandikishwa watu zaidi ya milioni 25.7, kwa hiyo kiti kimoja kilikuwa kama watu 51,400. Mwaka 2011 waliandikishwa milioni 32, kiti kikawa kama watu 64,000. Mwaka 2018 daftari lilikuwa na milioni 40 na kidogo, kiti kikapanda hadi watu 80,500 hivi. Kila wilaya inaangaliwa: ina walioandikishwa wangapi, wanatosha viti vingapi. Viti vinavyobaki vinakwenda kwa wenye mabaki makubwa. Wilaya ndogo kabisa haikosi kiti kimoja.

Kwa nini wasihesabu wakazi? Kwa sababu sensa ya mwisho ya nchi yetu ilifanyika mwaka 1984. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ana wajukuu sasa, au atakuwa nao karibuni. Kwa kuwa hakuna sensa nyingine, daftari la wapigakura ndilo sensa yetu. Mstari wa wilaya umekaa palepale tangu zamani, lakini kilichomo ndani yake kinapimwa upya kila mara daftari linapofunguliwa. Wakenya wanagombana juu ya mstari. Sisi tunagombana juu ya nani alikuwa ndani ya mstari siku ya kuandikishwa.

Kadi ya kupita kizuizini

Sasa mnajua wenyewe kwa nini watu wetu wanakwenda kujiandikisha. Wachache wanakwenda kwa ajili ya mbunge. Wengi wanataka kadi. Kwa miaka mingi kadi ya mpigakura ndiyo imekuwa kitambulisho cha mwananchi wa kawaida. Bila kadi hupiti kizuizi, hutumi pesa kwa simu, hupati mzigo wako, na askari akikusimamisha usiku huna la kumwonyesha.

Shangazi yangu aliishi ndani ya msitu wa Walikale, mbali na barabara. Mwaka ule wa kuandikishwa alitembea siku mbili kufika kwenye kituo, na mjukuu wake mgongoni. Alipofika, petroli ya jenereta ilikuwa imekwisha, mashine haifanyi kazi. Akalala kanisani siku tatu akisubiri. Siku ya nne mihogo aliyoibeba ikaisha, akarudi nyumbani bila kadi. Simlaumu mtu, petroli ile ilibebwa kwa pikipiki kwenye tope linalofika magotini. Lakini hesabu haina huruma. Shangazi yangu hakuwa mtu wa Walikale katika daftari. Wakirudi kama yeye 64,000, kwa bei ya mwaka 2011 hicho ni kiti kizima kimetoweka, na hakuna aliyekiiba.

Upande wa Masisi hadithi ni nyingine. Kule mtu hakosi kituo, anakosa utulivu. Anakimbia vita kutoka Nyabiondo au Kitchanga, anafika pembezoni mwa Goma, anajenga kibanda cha turubai juu ya mawe ya volkano. Uandikishaji ukifika yuko pale. Akijiandikisha pale, anahesabiwa pale. Amepata kadi ya kupita kizuizini, na wakati huohuo amehamisha uzito wake kutoka Masisi. Hakuna aliyemweleza. Na kama angeelezwa, angefanya nini? Arudi kijijini kwenye risasi ili akaandikwe huko?

Ndiyo maana baada ya kila uandikishaji tunasikia maneno yaleyale vijijini. Kabila hili linasema lile limeleta wageni kutoka ng'ambo. Lile linajibu kwamba hili limeandika watoto. Wengine wanasema vituo vilinyimwa kwao kwa makusudi. Mimi nimekaa katika mabaraza mengi ambako maneno hayo yalitupwa mezani. Mara nyingine yalikuwa na ukweli, mara nyingine yalikuwa uvumi mtupu. Lakini karibu kila mara aliyekuwa anasema hakujua namna kiti kinavyohesabiwa. Alijua tu kwamba kuna kitu kinachukuliwa.

Wenye usultani na wenye wingi

Nije Masisi, na hapa nitakwenda polepole.

Masisi ina usultani wa Bahunde, usultani wa Bashali, sekta ya Osso-Banyungu na sekta ya Katoyi. Mamlaka ya kimila huko ni ya Wahunde. Lakini sehemu kubwa ya wakazi ni watu wanaozungumza Kinyarwanda, Wahutu kwa Watutsi. Wapo ambao wazee wao walikuwapo zamani, na wapo wengi walioletwa na Wabelgiji kuanzia mwaka 1937 kuja kufanya kazi na kulima. Karibu mwaka 1940 wakoloni walikwenda mbele zaidi: walikata kipande cha ardhi ya Wahunde, Gishari, wakaifanya usultani wa wahamiaji wenye kiongozi wao. Mwaka 1957 wakaufuta. Huo, ndugu zangu, ulikuwa mpaka wa uwakilishi, uliochorwa na kufutwa na mtu mmoja bila kuuliza upande wowote. Mhunde anakumbuka ulipochorwa. Mnyarwanda anakumbuka ulipofutwa. Nimewahi kukaa na wazee wawili, mmoja wa kila upande, wakanisimulia Gishari kana kwamba ni mambo ya wiki iliyopita.

Tokea hapo kila upande una nguvu ya aina yake na hofu ya aina yake. Mhunde ana usultani. Usultani unarithiwa, haupigiwi kura, na ndio unaogawa ardhi. Lakini akiangalia sanduku la kura anaona wengine ni wengi, anaogopa kwamba siku moja wingi huo utamnyang'anya na ardhi. Mwenye kuzungumza Kinyarwanda ana wingi. Lakini anaona analipa kodi na kutoa mazao kwa mamlaka ambayo hawezi kamwe kuichagua wala kuiondoa, na anaogopa kwamba siku moja ataambiwa si mwananchi, na wingi wake utafutwa kwa kalamu.

Hofu hizo hazikutoka hewani. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wakiishi Kivu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ikauondoa. Watu waliokuwa raia jana wakaamka hawajulikani. Uchaguzi wa mabaraza ya mashinani wa mwaka 1989 ukavurugika Masisi kwa sababu ya swali hilo la nani ana haki ya kupiga kura. Mwaka 1991 serikali ikafanya zoezi la kuwatambua wananchi katika Kivu Kaskazini, na badala ya kutuliza watu likawatia moto. Siasa ya vyama vingi ilikuwa inakuja, kila mtu alikuwa anapiga hesabu ya kura ambazo hata hazijapigwa. Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yakaanza katika soko la Ntoto, Walikale, yakavuka hadi Masisi. Maelfu walikufa, wa pande zote. Watu kama robo milioni walihama.

Mimi nataka wajumbe wa amani walione hilo. Vita vya 1993 vilikuwa na mambo mengi ndani yake: ardhi, ng'ombe, wanasiasa wa mbali. Lakini swali la nani atahesabiwa ndani ya Masisi na ndani ya Walikale lilikuwa mle tangu mwanzo. Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 ilijaribu kulifunga: kila mtu wa kabila ambalo watu wake na ardhi yake vilikuwa sehemu ya nchi hii wakati wa uhuru ni Mkongomani wa asili. Kwenye karatasi mlango ulifungwa. Vijijini bado unagongwa.

Na uchaguzi uliofuata haukuwa mwepesi kwa Masisi. Baada ya kura za tarehe 28 Novemba 2011, Tume ya Uchaguzi, CENI, iliiomba Mahakama Kuu ifute matokeo ya wabunge katika maeneo saba ya nchi nzima. Masisi lilikuwa mojawapo.

Msitu usio na msemaji

Walikale ugonjwa wake ni mwingine. Ina sekta mbili tu, Wanianga na Bakano, na kila moja ni pana kuliko usultani wowote wa Masisi. Wako Wanyanga, Wakano, Wakumu, Wakobo, Watembo, Wahunde, Wahutu. Wote wanapiga kura katika sanduku moja la wilaya.

Mnajua utaratibu: mpigakura anachagua jina moja, kura zote za orodha ya chama zinajumlishwa, viti vinagawanywa kwa orodha. Utaratibu huo una wema wake. Katika eneo lenye viti kadhaa, kabila dogo linaweza kupata kiti kimoja bila kuwa la kwanza, jambo ambalo katika jimbo la mbunge mmoja kama la Kenya haliwezekani. Nawaambia hivyo wale wanaosema tukate tu Walikale vipande. Lakini wema huo una sharti: watu wawe wameandikishwa na wawe wameweza kufika kupiga. Anayeishi karibu na barabara au karibu na mgodi anafika. Anayeishi siku mbili ndani ya msitu anabaki. Kwa hiyo ndani ya mpaka mmoja kuna Walikale inayohesabika na Walikale isiyohesabika, na mgombea mwenye akili anajua akafanyie kampeni ipi.

Katiba ya Kenya iliona tatizo la namna hiyo. Inaruhusu jimbo la uchaguzi lenye watu waliotawanyika lipungue hadi asilimia 40 chini ya wastani wa watu na bado lipate mbunge wake, kwa kuwa umbali nao ni mzigo. Kwetu msitu haupunguziwi kitu. Ukubwa wa Walikale hauingii katika hesabu hata kidogo.

Halafu mwaka 2017 sheria ikaongeza kizingiti. Chama au muungano ambao haukupata asilimia 1 ya kura zote halali za nchi haupewi kiti chochote katika Bunge la Taifa. Mwaka 2018 walipiga kura watu kama milioni 18. Asilimia 1 yake ni kama kura 180,000. Nia ya sheria inaeleweka, vyama ni vingi kupita kiasi. Lakini chama chenye mizizi Bakano tu, hata kila mtu mzima wa Bakano akikipigia, hakifiki huko. Lazima mgombea wao aingie katika chama kikubwa cha Kinshasa. Akichaguliwa, tunarudi kwenye swali la kichwa cha mazungumzo haya: anamsemea nani?

Na kuna mahali ambako wilaya zetu mbili zinakutana, Pinga. Wengine hapa wametoka huko. Mji mmoja mdogo, soko moja, watoto wanasoma pamoja, na mpaka wa Masisi na Walikale unapita. Mtu wa upande huu ana wabunge wake, jirani wa upande ule ana wengine. Barabara ikiharibika, kila mbunge anasema ni ya mwenzake.

Kwa nini tusichore upya?

Vijana huniuliza hivyo, na ni swali la haki. Tukate maeneo madogo, kila watu wapate mtu wao.

Jibu langu ni kwamba inategemea mnakata kwa kufuata nini. Mkikata kwa kufuata kabila, mmeichora Gishari tena. Jirani zetu wa Kivu Kusini waliona. Mwaka 1999, wakati wa utawala wa waasi wa RCD, Minembwe ilifanywa wilaya kwa ajili ya Wanyamulenge, kwa kukata ardhi ya wilaya nyingine. Baadaye ikafutwa. Mwaka 2013 serikali ikatoa amri za kuunda makomuni ya vijijini sehemu nyingi za nchi, na Minembwe ikawa mojawapo. Mwisho wa Septemba 2020 mkuu wa komuni hiyo akasimikwa kwa sherehe. Kelele zikapanda nchi nzima, na siku chache baadaye, mwezi Oktoba, Rais Tshisekedi akiwa Goma akatangaza kwamba ameifuta. Mnaona mfano: imechorwa, imefutwa, imechorwa, imefutwa. Na kila safari kuna waliokufa katikati. Wanyamulenge wanasema walinyimwa haki ya kujiongoza. Wabembe, Wafuliiru na Wanyindu wanasema ardhi yao ilikatwa bila wao kuulizwa. Sioni upande wowote katika hao uliopata ilichotaka.

Mimi naona njia yenye hatari ndogo zaidi ni ngazi ya chini ambayo sheria tayari inaijua. Sheria ya mgawanyo wa madaraka ya Oktoba 2008 inataka sekta na usultani uwe na baraza lililochaguliwa. Usultani wa Bashali uwe na mwami wake kwa mila, na pembeni yake baraza la watu waliopigiwa kura, wa kila kabila linaloishi pale. Mhunde asipoteze kiti cha enzi, na jirani yake asiwe tena mtu wa kulipa tu. Mipaka iko tayari, hakuna wa kuihamisha. Tangu katiba ya 2006 uchaguzi huo haujafanyika katika masultani na sekta zetu hata mara moja. Mwezi Desemba 2023 madiwani walichaguliwa katika makomuni ya miji mikuu ya majimbo tu. Kwa maoni yangu hilo ndilo deni kubwa, kubwa kuliko mstari wowote.

Viti vilivyobaki wazi

Tarehe 20 Desemba 2023 nchi ilipiga kura. Masisi haikupiga. Rutshuru haikupiga. Kwamouth kule Mai-Ndombe haikupiga. Sababu ilikuwa usalama. Kwetu Kivu Kaskazini ilikuwa vita vya M23 vilivyoanza upya mwishoni mwa 2021. Badala ya viti 500, viti vilivyogombaniwa vilikuwa 484. Vile 16 ni vya wilaya hizo tatu.

Walikale ilipiga. Kwa hiyo rudini Pinga kwa mawazo: mtu wa ng'ambo hii ya mji alipewa karatasi ya kura, mtu wa ng'ambo ile hakupewa. Na ngazi ya jimbo nayo ilikuwa imekwisha kunyamaza, kwa sababu hali ya dharura ya kijeshi ilianza tarehe 6 Mei 2021, ikaongezwa tena na tena, na bunge la jimbo likasimamishwa.

Kisha mwezi Januari 2025 M23 wakaichukua Masisi, wakaichukua Goma. Mwezi Machi wakafika Walikale-kati, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Kambi nyingi za pembezoni mwa Goma zilivunjwa. Wengine walirudi vijijini wakakuta nyumba zao zina watu. Siku daftari litakapofunguliwa tena, nani atasimama wapi? Huo ndio mpaka mpya unaochorwa sasa hivi, na hauchorwi na tume yoyote. Unachorwa na miguu ya watu wanaokimbia.

Tunachoweza kufanya

Sisi hatuna mamlaka juu ya sheria. Lakini kamati zina uwezo wa mambo mawili.

La kwanza ni kueleza. Kabla ya uandikishaji mwingine, kila kijiji kijue kwamba jina linahesabiwa pale lilipoandikwa, na kwamba kiti hakigawi shamba. Mbunge hana mamlaka ya kumtoa mtu shambani wala kumtia. Nimeona baraza likipoa mara tu neno hilo lilipoeleweka. Waliohama waulize mapema kama kutakuwa na njia ya kuandikishwa kwa wilaya yao wakiwa mbali, na kamati ziliulize swali hilo kwa maandishi, mapema, si wiki ya mwisho.

La pili ni hesabu yetu wenyewe, na hapa naomba uangalifu mkubwa. Tunaandika idadi ya nyumba zilizokuwapo kabla ya vita, zilizobaki, zilizohama na zilikoelekea. Hatuandiki jina la mtu. Hatuandiki kabila. Orodha ya majina yenye makabila ikiingia mikononi mwa mwenye bunduki inakuwa kitu kingine kabisa, na wazee wa mwaka 1991 mlioko hapa mnaelewa ninachosema. Tunahesabu nyumba tu, kijiji kwa kijiji, na mtu wa kila upande wa kijiji anashuhudia hesabu na kuweka kidole chake.

Kamati za Pinga nimeziomba zianze, pande zote mbili za mpaka, kwa siku moja. Madaftari yako pale mezani karibu na mlango. Kila kamati ichukue mawili, moja likae kijijini na la pili lirudi kwetu. Kalamu zimepungua, kwa hiyo mwenye yake asiichukue ya mwenzake.